V-Strom 650 inauzwa Raskazone, kioo kinasoma 18,000: nianze kukagua wapi?

Mdau_Chumbageni (#1)
Wakuu, salaam. Kuna Suzuki V-Strom DL650 iko Raskazone, Tanga, inasemekana ya 2008. Imeegeshwa muda mrefu kwenye banda la makuti karibu na bahari. Kioo kinasoma 18,000. Ina boksi la nyuma na mabegi mawili ya pembeni. Matumizi ni safari ndefu: Lushoto, Mombasa kwa kupitia Horohoro, Iringa. Yaliyoonekana hadi sasa:
– ikishuka mwendo kutoka 80 kwenda 60 bila kuvuta gesi, ukilegeza mikono usukani unacheza kushoto na kulia;
– ndani ya kifuniko cha oili kuna utando mweupe kama maziwa;
– taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukishika breki) haijawaka kabisa, muuzaji anasema ndiyo dalili kwamba ABS ni nzima.
Muuzaji anasisitiza kilometa chache ni sawa na pikipiki mpya. Kijiwe kizima kimeshasema "chukua". Nyie mnasemaje?

Spana17 (#2)
Kijiwe hakitakulipia beringi. Kwa pwani, pikipiki iliyosimama ni ya kuogopa kuliko iliyotembea. Injini ya DL650 ni ile ya SV650, silinda mbili za V, 645 cc, na ikipata oili kwa wakati inakwenda mbali sana. Kinachokufa ni vitu vilivyoizunguka. Anza hapa:

Mabomba ya ekzosi kutoka kwenye vichwa vya silinda ni chuma cha kawaida, siyo stenlesi. Hilo la mbele liko nyuma tu ya tairi, linapigwa na matope na chumvi. Ligonge kidogo kwa mpini wa bisibisi pale linapopinda. Likitoa mlio mzito uliokufa, limeliwa. Oili filta nayo iko upande huohuo wa mbele, kopo lake huota kutu hadi linatoboka.

Rejeta: inama uangalie mapezi yake kutoka mbele. Yakiwa yamelala au yamejaa udongo mkavu, kupanda Mombo–Lushoto na mzigo ndipo utajua.

Breki: bonyeza, achia, kisha zungusha tairi kwa mkono. Lisipozunguka kwa uhuru, pini za kalipa au pistoni zimeshikwa na kutu. Unene wa mwisho wa diski umechongwa kwenye diski yenyewe, pima na venia ufananishe. Usipime kwenye ukingo, pima pale pedi zinapopita.

Bolti: za chuma zilizoingia kwenye alumini, hewa ya chumvi huzigandisha. Tazama vichwa vyake. Vikiwa vimeliwa pembe, kuna mtu alishajaribu akashindwa.

Kona_za_Lushoto (#3)
Hilo la ABS ni uongo mtupu, hata kama muuzaji hajui. Ukiwasha swichi, taa ya ABS LAZIMA iwake, kisha izimike pikipiki ikishaanza kutembea. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa, ama imechomolewa makusudi kuficha hitilafu. Kwanza hakikisha kama hiyo pikipiki ina ABS. Tafuta pete yenye matundu mengi katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na waya wa sensa unaokwenda pale. DL650 zilianza kupewa ABS 2007, lakini siyo zote.

Bint_Pangani (#4)
Mdau, hiyo mishale ya spidi: namba kubwa za nje zinasomekaje? 20, 40, 60 zikiwa na mph, na ndogo za ndani ndiyo km/h? Kama ndivyo, hiyo imetoka Uingereza na 18,000 ni maili, maana yake kama kilometa 29,000.

Mdau_Chumbageni (#5)
Dada umeona mbali. Namba kubwa ni mph. Na hizo 80 na 60 nilizotaja ni za namba kubwa.

Mzee wa Pongwe (#6)
Kwa hiyo umepita Kange na 129 kwa saa? Trafiki walikuwa wanakunywa chai?

Mdau_Chumbageni (#7)
Mzee wangu, ilikuwa mbele huko, barabara ya Segera, Kange imeshapitwa 😀

Bint_Pangani (#8)
Sasa 29,000 inabadilisha hesabu. Kitabu cha Suzuki kinataka valvu zipimwe kila kilometa 24,000. Kwa maelezo ya "18,000" muuzaji angekwambia bado haijafika. Imeshapita. Omba risiti au kumbukumbu ya sevisi hiyo. Isipokuwepo, hesabu kwamba haijafanyika na ingiza gharama yake kwenye bei. Nafasi ni 0.10–0.20 mm kwa valvu za kuingiza na 0.20–0.30 mm za kutolea, na marekebisho ni kwa shimu zilizo chini ya bakuli. Siyo kulegeza nati kama kwenye bodaboda. Tangi linatoka, boksi la hewa linatoka, na kuifikia silinda ya mbele rejeta inasogezwa. Fundi asiye na filagasi (vibati vya kupimia nafasi) na mikromita msimpe.

Fundi_Ngamiani (#9)
Nakubaliana na dada ila nimuongezee: valvu za injini hii zikibana hazipigi kelele. Zile zinazogongagonga ndizo zenye nafasi kubwa, na hazina haraka. Iliyobana inakuwa kimya, inawaka kwa tabu asubuhi, mwisho inaunguza kiti cha valvu. Kwa hiyo "injini kimya sana kaka, sikiliza" haitoshi kuwa sifa.

Na iwashwe IKIWA BARIDI. Ukifika, shika injini kwa kiganja kabla ya salamu. Ikiwa vuguvugu, ondoka urudi kesho. Moshi wa bluu unapowasha tu kisha unaisha: sili za valvu. Bluu ukivuta gesi: ringi. Mweusi: mafuta mengi. Mweupe usioisha na wenye harufu tamutamu: kulanti (maji ya rejeta) inaungua.

Mzee wa Pongwe (#10)
Na ule utando mweupe chini ya kifuniko? Gasketi ya kichwa hiyo. Msimpe moyo kijana.

Fundi_Ngamiani (#11)
Mzee, siyo lazima. Tanga unyevu ni mwingi, na pikipiki inayowashwa dakika tano kuonyeshwa wateja kisha kuzimwa, mvuke unaganda pale juu kwenye kifuniko maana ndipo pa baridi. Tofauti inaonekana kwenye kioo cha oili upande wa kulia. Isimamishe wima. Oili kwenye kioo ikiwa safi na utando uko kwenye kifuniko peke yake, ni mvuke. Oili yenyewe ikiwa rangi ya chai ya maziwa, funga mazungumzo.

Spana17 (#12)
Kuna kipimo kingine hakihitaji chombo. Injini baridi, washa, shika hosi ya juu ya rejeta. Ikigeuka ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja wakati maji bado ni ya baridi, gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji. Hosi inatakiwa ikaze taratibu kadiri joto linavyopanda. Pia chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo. Kikiwa na michirizi iliyokauka, sili ya pampu imekwisha. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, msikizibe na gundi kama nilivyoona kwenye moja mitaa ya Ngamiani.

Mzee wa Pongwe (#13)
Bado nasema gasketi. Pikipiki ya bahari haiaminiki.

Umeme_wa_Majani (#14)
Mmesahau ugonjwa wa Suzuki wenyewe: chaji. Njoo na mita ya umeme, usije na maneno.
Swichi imezimwa: betri isome 12.6 hadi 12.8. Chini ya 12.4 ichajiwe kwanza ndipo upime mengine, vinginevyo utadanganyika.
Ukipiga stata: isishuke chini ya 10 hivi.
Ikiunguruma kwenye mizunguko 5,000: 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na ushee, haichaji. Ikipita 15.5, regulata imekufa na itakuulia betri na balbu.
Isipochaji, chomoa plagi yenye waya tatu kutoka kwenye injini kwenda kwenye regulata. Itazame kwanza, mara nyingi imeungua na kugeuka kahawia, na tatizo ni hapohapo. Ikiwa safi, pima kila waya na bodi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Kisha washa, weka mita kwenye AC, pima waya kwa waya, jozi zote tatu. Lazima zilingane na zipande kadiri unavyovuta gesi. Moja ikibaki nyuma, koili za chaji ndani ya injini zimeungua.
Betri yake ni YTX12-BS. Ukikuta imefungwa ya ukubwa mwingine kwa kamba ya mpira, kuna mtu alikuwa anapambana na chaji.

Kona_za_Lushoto (#15)
Na maji kwenye plagi ya cheche ya mbele. Kichwa cha silinda ya mbele kina kitundu cha kutolea maji kwenye shimo la plagi. Kikiziba kwa matope, shimo linajaa wakati wa mvua na pikipiki inabaki na silinda moja. Muuzaji atasema "petroli mbaya". Mwaga maji kwa mpira mbele ya rejeta ikiwa inaunguruma, sikiliza kama mlio unabadilika. Kuanzia 2007 kila silinda ina plagi mbili, kwa hiyo unaponunua plagi ni nne, siyo mbili.

Mkwakwani_Stendi (#16)
Cheni na sproketi siyo shida, Ngamiani zimejaa tele. Tairi pia.

Bint_Pangani (#17)
Mkwakwani, za bodaboda ndizo zimejaa. Bodaboda ni cheni 428, hii ni 525 yenye ringi za mpira kati ya pingili. Sproketi za kiwandani ni meno 15 mbele na 47 nyuma. Tairi la mbele 110/80 la inchi 19, nyuma 150/70 la inchi 17, yote hayana tyubu. Usitegemee kulikuta dukani lile la inchi 19, agiza kabla hujapanga safari. Kupima cheni: ivute kwa vidole kutoka kwenye sproketi ya nyuma, pale katikati upande wa nyuma. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Kisha zungusha tairi taratibu ukipima ulegevu sehemu tatu nne. Ikibana hapa na kulegea pale, pingili zimeganda kwa kutu, na hakuna oili itakayoirudisha.

Mkwakwani_Stendi (#18)
Nimenyooshwa. Ahsante dada.

Fundi_Ngamiani (#19)
Turudi kwenye kutikisika. Beringi za shingo ya usukani. Weka stendi ya kati kama ipo, mtu akae nyuma mpaka tairi la mbele liinuke, kisha geuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukihisi unajifunga katikati kama una kitanda chake, beringi zimechonga vijishimo. Halafu shika miguu ya shokapu za mbele chini, vuta na sukuma. Kukiwa na mlio wa "tok tok", zimelegea. Pikipiki ikisimama mwaka mzima grisi inakauka, hili ndilo jibu.

Kona_za_Lushoto (#20)
Fundi, beringi za shingo hutikisa ikishuka kati ya 80 na 60 za KILOMETA. Hii ni 129 kushuka 97. Kwa mwendo huo, chanzo ni boksi la nyuma na mabegi. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na upepo wa pembeni unamalizia. Toa boksi, jaribu tena.

Spana17 (#21)
Mimi naweka tairi kwanza. Mdau, soma herufi za DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Na upapase tairi la mbele kwa kiganja kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno kama msumeno upande mmoja, limelika kwa ngazi, na hilo linatikisa usukani hasa ukiachia gesi.

Mdau_Chumbageni (#22)
Mbele 1114. Nyuma 3319. Meno yapo, zaidi upande wa kulia.

Spana17 (#23)
Wiki ya 11 ya 2014. Hilo ni la kutupa hata kama lina kashata nzima. Mpira ukishazeeka haushiki lami yenye maji, na lile joto la banda la makuti halijalisaidia.

Kona_za_Lushoto (#24)
La kutupa, sawa. Lakini tairi kulika hivyo huwa ni matokeo. Kitu gani kimelila?

Fundi_Ngamiani (#25)
Beringi za shingo 😀

Umeme_wa_Majani (#26)
Au upepo mdogo. Kitabu kinataka psi 33 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako, 33 na 41 mkiwa wawili. Hapa mjini kila mtu anajaza kwa kubonyeza na dole gumba.

Bint_Pangani (#27)
Au gurudumu la nyuma halijanyooka. Cheni ikikazwa, alama za pande mbili za mkono wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma) huwa haziaminiki. Funga uzi mrefu kuzunguka tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili za tairi la mbele, nafasi kulia na kushoto zilingane. Zisipolingana baada ya kurekebisha ekseli, sasa hofia fremu. Tazama pale usukani unapogota mwisho: kile kijipembe cha kuzuia kikiwa kimebonyea au rangi imepasuka kando yake, iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Bampa za pembeni mpya kwenye pikipiki ya zamani ziwe alama ya kuuliza.

Halafu shika tairi la nyuma juu na chini ulitikise: likicheza, beringi za gurudumu. Shika mkono wenyewe pande mbili: ukicheza, beringi za mkono. Viungo vya chini ya shokapu ya nyuma hutoka kiwandani na grisi kiduchu. Inua mkia taratibu. Ukisikia "tik" kabla shokapu haijaanza kufunguka, viungo vimeliwa.

Na kagua fremu ndogo ya nyuma pale mabegi yanapofungwa, hasa chini ya kulehemu. Barabara mbovu na mzigo hupasua hapo.

Mzee wa Pongwe (#28)
Pikipiki zote hutikisika ukiachia mikono. Mikono ilitengenezwa ishike. Kwa nini anaachia?

Spana17 (#29)
Mzee ana hoja nusu. Kutikisika kidogo ukiachia kupo kwenye nyingi. Inapoendelea kukua badala ya kufa yenyewe, hapo ni ugonjwa. Mdau hajasema ipi.

Mdau_Chumbageni (#30)
Inakua, ila nilishika kabla sijaona mwisho wake. Sikutaka iwe waja leo waondoka leo.

Horohoro_Mpakani (#31)
Nyote mko kwenye beringi, hakuna aliyeuliza namba yake ya usajili. Imeandikwa MC au bado ni ya Uingereza?

Mdau_Chumbageni (#32)
Ya Uingereza. Mwenyewe alikuwa msafiri, aliiacha kwa rafiki yake.

Horohoro_Mpakani (#33)
Basi simamisha kila kitu. Wasafiri wengi huingia na kaneti, kitabu cha forodha kinachosema pikipiki itatoka nchini. Kwa kawaida kinadumu mwaka mmoja. Isipotoka, forodha inadai kodi kutoka kwa chama kilichoidhamini, na pikipiki hapa haina uhalali wa kuuzwa mpaka iondolewe forodhani na kodi ilipwe. Bila hivyo hupati usajili wa TRA, hupati kadi kwa jina lako, na Horohoro hupiti.
Unachotaka kuona: kaneti au kibali cha kuingia cha muda na mihuri yake, cheti cha usajili cha Uingereza chenye jina la mwenyewe, barua yake ya kuuza au kumpa huyo rafiki mamlaka, na kitambulisho. Kisha mpeleke muuzaji forodha Tanga KABLA ya fedha, akaulize yeye kwa jina lake. Mkataba wa mauziano ufungwe kwa wakili baada ya hapo.

Mkwakwani_Stendi (#34)
Namba ya chesisi ina tarakimu 17. Ya kumi ni mwaka. Ikiwa 8, ni 2008 kweli.

Horohoro_Mpakani (#35)
Kwa za soko la Marekani, ndiyo. Za Ulaya hazilazimiki kuweka mwaka kwenye nafasi hiyo, msije mkamwita mtu mwongo kwa sababu ya sifuri. Muhimu ni kwamba namba kwenye shingo ya fremu, upande wa kulia, ilingane na karatasi, isiwe imekwaruzwa wala kupakwa rangi peke yake. Herufi I, O na Q hazitumiki, ukiziona ni ya kugushi. Mwaka wa kutengenezwa unaweza kuukisia kwenye plastiki: geuza kava la siti, kuna alama ya duara yenye mshale wa mwezi na mwaka katikati. Zote zikikaribiana, sawa. Kava moja ikiwa ya miaka mitatu baadaye, ilibadilishwa, uliza kwa nini.

Fundi_Ngamiani (#36)
Kabla hatujasahau klachi. Gia ya sita, mizunguko 4,000, fungua gesi yote ghafla. Mshale wa mizunguko ukiruka na mwendo usipande, inateleza. Mara nyingi kuna mtu ameweka oili ya gari, ile laini ya kupunguza matumizi ya mafuta. Tafuta JASO MA kwenye kopo, ndiyo alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaoga oili ya injini. Wakati mwingine kubadilisha oili mara mbili kunaiponya, wakati mwingine sahani zimeshaungua.

Umeme_wa_Majani (#37)
Hilo kwa Suzuki. Wenye BMW R1150GS wasilichukue, klachi yake ni kavu, oili ya injini haiigusi. Ile ikiteleza, kagua sili ya nyuma ya injini.

Mzee wa Pongwe (#38)
BMW imeingiaje? Chukueni Transalp mpumzike.

Kona_za_Lushoto (#39)
Mzee, Transalp ina spoki na tyubu. Ukipata pancha Soni usiku utaikumbuka hii V-Strom. Fungua uzi wako tuje.

Mdau_Chumbageni (#40)
Nimeelewana na muuzaji: boksi na mabegi yatoke, upepo 33 na 36, Jumamosi saa moja asubuhi injini ikiwa baridi. Fundi utakuja na stendi? Umeme lete mita. Karatasi za forodha amesema anazitafuta.

Fundi_Ngamiani (#41)
Nakuja. Na nati ya shingo naikaza palepale, muone kama haitatulia.

Spana17 (#42)
Ukiikaza ukaficha meno ya tairi tutajuaje? Jaribuni kwanza bila kugusa kitu, kisha kimoja kimoja.

Horohoro_Mpakani (#43)
Kama hadi Ijumaa usiku bado anazitafuta, lalani tu.